Nairuzi, Bamvua na Kivuli cha Adhuhuri: Mwaka wa Jua katika Pwani ya Ramisi

Mara mbili kwa mwaka, Machi 20 au 21 na Septemba 22 au 23, jua hukata mstari wa ikweta, na duniani kote mchana na usiku hukaribia kulingana. Hizo ndizo ikwinoksi. Mara mbili nyingine, Juni 20 au 21 na Desemba 21 au 22, jua hufika mwisho wa safari yake ya kaskazini au ya kusini, huchomoza siku kadhaa kana kwamba halisogei, kisha hugeuka. Hizo huitwa solistisi. Watu wa kale wa nchi nyingi walizijua siku hizi nne muda mrefu kabla ya kuwapo mtu wa kueleza kwamba dunia imeinama kwenye mhimili wake.

Kwa watu wa Ulaya ya kaskazini jambo lenyewe lilikuwa la kufa na kupona. Mchana wa mwishoni mwa Desemba kusini mwa Uingereza una urefu wa kama saa nane tu, shamba limelala, na akiba ya chakula inapungua. Si ajabu kwamba huko Newgrange, nchini Ireland, takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, wakulima walijenga kaburi la mawe lenye tundu juu ya mlango, na mwanga wa jua hupenya hadi chumba cha ndani kabisa katika asubuhi za solistisi ya Desemba. Stonehenge nayo ilipangwa kufuata mstari wa machweo ya Desemba na mawio ya Juni. Misri, hekalu la Karnak lilielekezwa mawio ya Desemba. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes wa Alexandria alitumia adhuhuri ya solistisi ya Juni, ambapo vitu havikuwa na kivuli huko Syene, mji unaoitwa Aswan leo, kukadiria mzingo wa dunia.

Afrika Mashariki haina Stonehenge yake, ingawa imetafutwa. Karibu na Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuna nguzo 19 za mawe meusi zilizosimikwa ardhini. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo hizo zilielekezwa kwenye nyota ambazo Waborana huzitumia katika kalenda yao, na kwamba zilisimikwa takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Miaka minne baadaye Robert Soper alipima upya, akatilia shaka hesabu hizo. Uchimbaji wa baadaye katika maeneo ya nguzo ya bonde la ziwa hilo, hasa Lothagam North, umeonyesha kwamba yalikuwa makaburi ya wafugaji, ya zamani zaidi sana kuliko ilivyodhaniwa: miaka 4,000 hadi 5,000. Hata ikikubaliwa kwamba waliozisimika walitazama mbinguni, walitazama nyota na mwezi. Jua halikuwa na sehemu kubwa katika dai lile, na sababu yake inaonekana vizuri zaidi pwani.

Ramisi iko digrii nne na nusu hivi kusini mwa ikweta, katika kaunti ya Kwale, pale mto wa jina hilo unapopita kwenye mikoko na kumwaga maji yake katika ghuba ya Funzi. Hapo tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni ni kama nusu saa tu. Hakuna msimu wa giza wa kuogopwa wala mchana usiokwisha wa kushangiliwa. Jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, na ndiyo maana watu wa pwani waliweza kuhesabu saa kuanzia mapambazuko bila kusumbuliwa na majira. Anayesubiri urefu wa mchana umwambie kwamba mwaka umegeuka atasubiri sana.

Alama ziko kwingine. Ya kwanza ni kivuli. Kijiti kikisimamishwa wima mchangani wakati wa adhuhuri mwezi Juni, kivuli chake huangukia kusini, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini, digrii 28 kutoka utosini. Desemba jua liko kusini, digrii 19 kutoka utosini, na kivuli hugeukia kaskazini. Katikati kuna siku mbili ambazo kivuli hutoweka kabisa chini ya kijiti: moja karibu na Machi 9, nyingine karibu na Oktoba 4. Kwa hiyo jua huupita utosi wa mtu wa Ramisi siku kumi na moja hivi kabla ya ikwinoksi ya Machi, na karibu idadi hiyohiyo baada ya ile ya Septemba.

Alama ya pili ni mahali jua linapochomoza. Pwani hii inatazama bahari upande wa mashariki, na upeo wa maji haufichwi na mlima wala msitu. Kati ya Juni na Desemba pahali pa mawio huhama kwa digrii 47, kutoka kaskazini ya mashariki hadi kusini yake, na katika ikwinoksi jua hutokea mashariki kamili. Kwa Waislamu wa hapa mashariki hiyo ina jirani wake: Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Ramisi, kwa kuwa longitudo zao hazipishani hata digrii moja. Anayeelekea kibla basi hulipata jua la ikwinoksi likimchomozea mkono wa kulia moja kwa moja, na misikiti ya kale ya ukanda huu, ukiwemo Msikiti wa Kongo huko Diani, imekaa kaskazini-kusini. Jua linapofika utosini mwa Makka, karibu na Mei 28 na tena karibu na Julai 16, kivuli cha adhuhuri cha Ramisi huonyesha mstari wa kibla. Wajuzi wa falaki katika nchi za Kiislamu walizitumia siku hizo mbili kusahihisha mihirabu.

Alama ya tatu, na huenda ndiyo iliyogusa maisha ya watu wengi zaidi, ni maji. Bamvua hutokea kila mwezi mwandamo na kila mbalamwezi, jua na mwezi vinapovuta bahari pamoja. Karibu na ikwinoksi vyote viwili huwa juu ya ikweta au karibu nayo, na bamvua za Machi na Septemba huwa kubwa kuliko nyingine. Pwani ya Mombasa na Kwale tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kukaribia mita nne. Kwa kuwa katika siku za bamvua maji ya hapa hupwa mnamo saa nne asubuhi, mwamba wote huachwa wazi mchana kweupe. Kuanzia Msambweni hadi Funzi na Shimoni wanawake na watoto huteremka na kapu na kijiti chenye ncha, wakipekua mashimo ya pweza ambayo katika bamvua za kawaida hubaki chini ya maji. Jioni hiyohiyo maji hurudi kwa nguvu, hupanda mikokoni mwa mto Ramisi na kufika mahali ambapo siku nyingine ni pakavu. Mtu asiyejua chochote kuhusu mhimili wa dunia angejua kwamba hayo hutokea mara mbili kwa mwaka, na kwamba baada ya ile ya Machi pepo hubadilika.

Hapo ndipo jua linapoingia kweli katika historia ya pwani, kupitia upepo na mvua. Ukanda wa mvua hulifuata jua likihama kutoka kusini kwenda kaskazini na kurudi, kwa kuchelewa kidogo. Jua likikata ikweta mwezi Machi, kaskazi hulegea, kunakuwa na majuma ya tanga mbili, yaani kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, kisha kusi huanza na masika hunyesha Aprili hadi Juni, Mei ikiwa kilele. Likikata ikweta tena Septemba, kusi hupungua, na vuli hufuata kuanzia Oktoba. Mahindi, mpunga, mihogo na mtama wa Kwale vilitegemea mapito hayo mawili. Wadigo na Waduruma, walio miongoni mwa Wamijikenda, walikuwa na makaya yao msituni, Kaya Kinondo karibu na Diani likiwa mojawapo, na wazee wa kaya walifanya maombi ya mvua inapochelewa. Makaya kadhaa ya Wamijikenda, Kinondo likiwemo, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kwao hesabu ya siku za kawaida ilikwenda kwa juma la siku nne. Majira ya shamba yalitazamwa kwa mawingu, kwa miti na kwa Kilimia, lile kundi la nyota linalozama magharibi jioni za Mei na kuonekana tena alfajiri katikati ya Juni. Msemo mmoja wa kale wa pwani hupiga bashiri ya msimu kwa hali ya hewa iliyopo Kilimia kinapozama, ukidai kwamba kitakapozuka hali itakuwa kinyume.

Pamoja na hayo yote, pwani ilikuwa na mwaka wa jua uliohesabiwa siku kwa siku, na sikukuu yake ya kufungulia. Iliitwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka, au Mwaka tu. Mwaka huo una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Hakuna mwaka mrefu. Siku hazikutajwa kwa majina ya miezi bali kwa idadi tangu Nairuzi, ili nahodha na mkulima waweze kusema jambo fulani hufanywa mwongo wa ngapi. Mwaka wenyewe ulipewa jina la siku ya juma uliyoanza nayo. Kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, mwaka wa Jumatatu hufuatwa na wa Jumanne, na baada ya miaka saba majina hurudia. Wazee waliambatanisha kila jina na bashiri ya mvua, upepo au maradhi.

Mpango huu ni wa Kiajemi. Wafalme wa Kisasani walihesabu miezi 12 ya siku 30 pamoja na siku tano za nyongeza, kama Wamisri wa kale walivyofanya kabla yao. Hesabu iliyoendelea kutumika baada ya dola yao kuanguka ilianzia kutawazwa kwa Yazdegerd wa Tatu, Juni 16 mwaka 632. Kwa kuwa mwaka halisi wa jua unazidi siku 365 kwa karibu robo ya siku, Nairuzi ilirudi nyuma siku moja kila miaka minne. Mwanzoni mwa karne ya 11 iliangukia ikwinoksi ya Machi. Uajemi ikaamua kuishika hapohapo: mwaka 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanafalaki akiwemo Omar Khayyam waliifunga kwa ikwinoksi, na ndiyo Nairuzi ambayo Iran huiadhimisha mpaka leo karibu na Machi 21.

Mabaharia wa Ghuba na Oman hawakuyafuata marekebisho hayo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia takriban mwaka 1490, anahesabu misimu ya kusafiri kwa siku za Nairuzi ya zamani isiyorekebishwa, ambayo wakati wake iliangukia katikati ya Novemba. Huo ulikuwa wakati mwafaka kabisa: kaskazi inaanza kuvuma na majahazi yanaanza kuondoka Arabuni kuja Uswahilini. Nahodha alihitaji hesabu rahisi ya siku, isiyo na mwaka mrefu wa kukumbukwa baharini, na akijua kwamba katika uhai wake wote Nairuzi itasogea siku kumi na tano tu. Ikwinoksi ilibaki Uajemi, hesabu ikapanda jahazi.

Namna hasa hesabu hii ilivyofika Kwale inahusishwa na Washirazi. Karibu na Ramisi kuna kijiji kinachoitwa Shirazi, chenye magofu ya msikiti wa kale, na Wachifundi wa ukanda wa Shirazi, Bodo na Funzi hujinasibisha na wahamiaji wa Uajemi, kama wafanyavyo Wavumba wa Vanga na Wasini. A. C. Hollis alichapisha masimulizi ya Vumba mwaka 1900. Kwa miaka mingi wanahistoria wengi walichukulia nasaba hizo kuwa heshima ya kujipa zaidi ya kumbukumbu, kwa sababu lugha, nyumba za awali na vyungu vilivyochimbwa ni vya Kiafrika. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, kutoka Manda, Faza, Mtwapa, Songo Mnara, Kilwa na kwingineko, uliyapa masimulizi hayo nguvu: damu ya wanawake wa Kiafrika ilichanganyika na ya wanaume ambao wengi asili yao ni Uajemi, kuanzia mwaka 1000 hivi. Hakuna mfupa uliotoka Shirazi wala Ramisi, na si halali kuyahamishia matokeo hayo kila kijiji chenye jina hilo. Lakini kipindi chenyewe ni kilekile ambacho Nairuzi ilikuwa juu ya ikwinoksi. Si sadfa ya kujengea nadharia. Inatosha kuonyesha kwamba waliokuja huenda waliijua sikukuu hiyo ikiwa bado mahali pake pa asili.

Pwani ya Waswahili, Nairuzi iliendelea kurudi nyuma. Katikati ya karne ya 19 iliangukia mwishoni mwa Agosti. Leo iko katikati ya Julai. Ikiachwa bila kurekebishwa itaifikia ikwinoksi ya Machi tena karibu na mwaka 2500. Maana yake ni kwamba hesabu ya miongo haikuweza kurithiwa ilivyo. Mwongo uliomwambia babu apande ulimwambia mjukuu wake wa nne jambo jingine, kwa kuwa katika miaka mia moja Nairuzi husogea siku 24 au 25, takriban nusu ya msimu wa kupanda. Kilichozuia hesabu isipoteze watu ni alama zile nyingine: Kilimia, tanga mbili, bamvua. Wazee waliitumia Nairuzi kuhesabia na wakaitumia mbingu na bahari kusahihishia, na wakati wa kupanda ukahamishiwa mwongo mwingine polepole bila mtu kutangaza mageuzi. Ni mpango uliofaa watu wasio na ofisi ya kalenda.

Jinsi sikukuu ilivyoadhimishwa inajulikana zaidi kwa Unguja na Mombasa. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, anaeleza kwamba siku hiyo watu, hasa wanawake, waliingia baharini kuoga, kabla ya kucha au asubuhi. Nafaka na kunde nyingi zilipikwa zikaliwa adhuhuri na yeyote aliyekuja. Moto wote ulizimwa ukawashwa upya kwa kupekecha vijiti viwili, na hapo zamani ugomvi wa mwaka ulipiganwa siku hiyo bila mtu kuulizwa. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mapigano hayo yamebaki kama mchezo: wanaume wa pande mbili hupigana kwa magogo ya migomba, kisha kibanda cha makuti huchomwa na aliyemo ndani hutoroka. Mwaka Kogwa, kama unavyoitwa huko, huwavuta wageni wengi kila Julai. Mombasa ng'ombe alichinjwa kwenye kaburi la Shehe Mvita. Kwa ujumla mambo haya ni ya kusafisha: kuondoa majivu, uchafu na chuki ili mwaka uanze mtupu. Hayana uhusiano wa wazi na jua, wala hakuna ushahidi kwamba Waswahili wa karne ya 19 waliihusisha sikukuu yao na ikwinoksi yoyote.

Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu hawakuipenda, kwa kuwa kalenda ya dini ni ya mwezi na ibada zilizozunguka Nairuzi hazina asili katika dini. Serikali ya kikoloni ilileta kalenda ya Ulaya pamoja na kodi, shule na mishahara. Katika ukanda wa Ramisi mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, kilichofungwa mwaka 1988, vilikuwa na misimu yao ya kukata na kusaga, na mfanyakazi alingoja mwisho wa mwezi wala si mwisho wa mwongo. Majahazi ya Arabuni, yaliyokuwa na haja kubwa kuliko wote ya hesabu ya Nairuzi, yalipungua baada ya vita vya pili vya dunia na hatimaye yakaacha kuja.

Kilichosalia ni maji na upepo. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha kila mwaka jedwali la kupwa na kujaa kwa Mombasa, na tarakimu kubwa kuliko zote kwa kawaida huwa za majuma yanayozunguka Machi 21 na Septemba 23. Wavuvi wa Funzi na Shimoni hupanga madema na safari za mwambani kwa bamvua hizo, na wakulima wa Ramisi huanza kulima kabla ya tanga mbili kwisha ili masika yawakute tayari.